Kwa Mnaoanza Ufundi wa Mitambo ya Muziki: Siku Tatu za Tamasha la Wazi Dodoma

Mwezi Julai, mtu anayefika Dodoma kwa mara ya kwanza hubeba mashati mepesi kwa sababu amesikia kwamba huku ni kukavu na kuna jua, kisha usiku wa kwanza anaazima koti. Mitambo ya muziki nayo hupatwa na mambo kama hayo. Ikifungwa saa 8 mchana kwenye joto, vumbi na upepo, halafu ikatumika saa 5 usiku kwenye baridi, haiwi mitambo ileile uliyoipima, na wewe uliyeipima mchana ukaridhika utaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, hasa mliojifunzia kwenye kumbi za harusi na makanisani, kama nilivyojifunza mimi kabla ya kuhamia huku. Tangu Dodoma ipandishwe hadhi kuwa jiji mwaka 2018 nimepata kazi nyingi za viwanja vya wazi, na hii ninayoisimulia, ya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kwenye uwanja ulio upande wa mashariki wa jiji, ndiyo iliyonifurahisha na kunikera kuliko zote. Ukumbini ukuta hukusaidia bila wewe kujua: besi hugonga na kurudi, na msikilizaji wa nyuma hupata sauti ya kutosha hata kama spika ni ndogo. Uwanjani sauti ikishatoka haina pa kugonga, na kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, hupungua kwa takriban desibeli 6. Fundi mgeni akiona hivyo hukimbilia kuongeza sauti, nami nilifanya hivyohivyo kwa miaka kadhaa.

Tulipofika Ijumaa asubuhi, jukwaa lilikuwa limekwisha jengwa likiangalia mashariki, ili hema la wageni rasmi liwe karibu na barabara. Upepo wa msimu huu hutoka huko huko mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye maiki na kuisukuma sauti nyuma ya jukwaa. Sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kuelekea juu, na msikilizaji aliye mbali huikosa hata kama spika zina nguvu. Hatukuweza kuligeuza jukwaa. Tulichoweza kufanya ni kuweka spika mbili za nyongeza katikati ya uwanja, mita 40 mbele ya jukwaa, na kuzichelewesha kwa milisekunde 117, kwa kuwa huo ndio muda ambao sauti huutumia kusafiri mita 40 katika hewa ya baridi kiasi. Bila ucheleweshaji huo, watu wa nyuma wangesikia kila neno mara mbili. Ninyi mkiitwa kwenye kazi ya namna hii, ombeni kuuona uwanja kabla jukwaa halijajengwa, hata kama itawabidi mjilipie nauli ya kwenda, kwa sababu seremala akishapiga msumari wa mwisho hakuna atakayekusikiliza.

Kuhusu vumbi sitasema mengi. Funika mixa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, kwa kanga kila unapoondoka, na beba sponji za maiki mara mbili ya unavyodhani zinatosha. Sisi zilituishia, tukakata nyingine kutoka kwenye godoro la dereva, ambaye hadi leo ananidai godoro.

Jambo lililonitia aibu kubwa zaidi lilikuwa umeme. Mwandaaji alitaka jenereta iwe mbali ili kelele yake isisikike, jambo ambalo ni sahihi kabisa, tukaiweka mita 60 kutoka jukwaani. Kosa langu lilikuwa kukubali kutumia waya uliokuwepo, wa milimita za mraba 1.5, kwa sababu jioni ilikuwa inaingia na duka la waya lilikuwa mjini. Waya wa unene huo, kwa umbali wa mita 60 kwenda na kurudi, hupoteza takriban volti 15 kwa kila ampea 10 zinazopita. Taa zilipowashwa zote na amplifaya zikaanza kufanya kazi kweli, mita ilisoma volti 201 jukwaani, ilhali jenereta ilikuwa inatoa 230 bila tatizo. Amplifaya zilivumilia, lakini mixa ya kidijitali ilijizima yenyewe saa 3 na robo usiku.

Jukwaani wakati huo walikuwa kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamezibana ngoma zao kati ya mapaja kama ilivyo desturi ya Wagogo, wakiwa katikati ya wimbo. Mixa ya aina ile ikizimika huchukua zaidi ya dakika moja kuwaka tena, na dakika hiyo mbele ya uwanja uliojaa watu ni ndefu sana. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta plagi. Niliponyanyuka, nilikuta ngoma hazijasimama hata kidogo. Mama aliyekuwa katikati, mwenye ngoma kubwa, hakugeuza shingo kuangalia spika zimepatwa na nini. Watu waliokuwa nyuma, wakiwemo vijana waliokuwa wakinunua mishikaki huku wakipiga soga, walikuwa wamenyamaza na wanasogea mbele taratibu, wakaja wakalizunguka jukwaa kwa karibu, na kwa muda ule mfupi muziki ulisikika kama unavyosikika uwanjani kwa mtu wakati wa mavuno, mkavu na wa karibu. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile siku zote tatu, na haikuwa yangu.

Kisha niliiharibu. Mixa ilipowaka, feda zote, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, zilikuwa palepale zilipokuwa, sauti ikalipuka ghafla kutoka kwenye spika za mbele na za mrejesho, zile zinazowaelekea wapigaji wenyewe, na wapigaji wa safu ya pili wakapotea mapigo. Umeme ukikatika, kabla hujafanya jambo lolote lingine, shusha feda kuu hadi chini, na mitambo ikirudi ipandishe polepole ukiwasikiliza wanaopiga. Na mixa iwe na UPS yake ndogo, yaani betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika, hata ya kuazima ofisini kwa mtu. Usiku huohuo, baada ya onyesho, tuliisogeza jenereta hadi mita 20 kutoka jukwaani, na volti zikatulia. Nilijipongeza kwa hilo, nami nitarudi kulieleza baadaye.

Jumamosi mchana tulikuwa na mzee mmoja mpiga ilimba kutoka kijiji cha wilaya ya Chamwino, aliyekuja na wajukuu wawili wenye zeze. Kwa asiyeijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyeifikisha pamoja na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Nilikuwa nimesikiliza rekodi zake kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijiona niko tayari. Niliweka maiki karibu na tundu la sanduku, mzee akapiga, na kwenye hedifoni nikasikia sauti ya kuvuma inayokwaruza kila noti, kama spika iliyopasuka. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha maiki. Mwishowe nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa ukumbini angekifanya, nikapunguza masafa kuanzia hezi 3,000 hadi 5,000 mpaka mkwaruzo ukafifia na noti zikabaki safi, laini, kama za kinanda cha kitoto.

Mzee alipiga kidogo, akaacha. Akaigeuza ilimba upande wangu na kunionyesha tundu kwa ncha ya kidole bila kuligusa. Lilikuwa limezibwa kwa utando mweupe mwembamba wa buibui, uliobandikwa kwa uangalifu kama karatasi ya sigara. Akaupulizia kidogo, ukatetemeka.

“Mjukuu wangu,” akasema, “mbona umemnyonga buibui?”

Mvumo ule niliokuwa nikiutibu kama ugonjwa ndio uliokuwa sauti yenyewe. Utando huwekwa pale makusudi ili utetemeke pamoja na hewa ya ndani ya sanduku na kuipa kila noti mkwaruzo wake, na mpigaji huuchagua kama mpiga gitaa anavyochagua nyuzi. Nilikuwa nimeusikia mara elfu kwenye rekodi nikiufurahia, lakini nilipokaa kwenye kiti cha fundi masikio yangu yalibadilika, yakawa yanatafuta makosa. Nilirudisha kila kitu sifuri, nikaisogeza maiki sentimita kumi na tano nyuma ili sponji isizuie pumzi ya utando, na onyesho la saa 10 jioni likawa ndilo watu walilolizungumzia hadi Jumatatu.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote, nenda umsalimu mpigaji, na huku Ugogoni salamu ya “mbukwenyi” itakufungulia mlango kuliko kitambulisho cha tamasha. Muombe apige bila maiki huku umesimama hatua mbili mbele yake. Muulize ni sehemu gani ya chombo chake anayoipenda isikike. Utatumia dakika tano, na zeze nalo lina siri zake, kwa kuwa upinde hupakwa utomvu na ule mchakacho wa mwanzo wa kila mvuto si hitilafu ya waya.

Jambo la kukera zaidi halikuwa la kifundi. Kikundi cha waimbaji wa nindo kilipangiwa saa 12 jioni ya Jumamosi, na watu wazima wale walifika saa 9 alasiri wakiwa wamevaa, wamejipanga, wakasubiri. Msanii mmoja wa muziki wa kizazi kipya aliyetoka Dar es Salaam alichelewa, akataka kupimiwa sauti upya kwa saa nzima, na mwandaaji akamkubalia. Wazee walipanda saa 6 na dakika 20 usiku, wamejifunika mablanketi, mbele ya watu wachache waliobaki, wakapewa dakika nane. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea kwa umande na baridi, na walinzi walikuwa wamewakataza kuwasha moto mdogo wa kuzikaza. Nindo ni uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kujibizana, unahitaji muda wa kupanda, na dakika nane zilikwisha ndipo ulipokuwa unaanza kupanda. Utasema ratiba si kazi ya fundi. Mimi nasema fundi ndiye anayejua upimaji unachukua dakika ngapi, na ningekuwa nimempa mwandaaji karatasi inayoonyesha muda wa kila kikundi tangu wiki iliyotangulia, angalau ningekuwa na kitu cha kuweka mezani. Sikuwa nacho, nikanyamaza, na unyamavu ule unaniuma kuliko mixa iliyozimika. Siku hizi naandika karatasi hiyo, na ndani yake kuna mstari unaosema: mahali pa moto wa ngoma, mbali na nyaya, pamoja na ndoo ya mchanga.

Jumapili asubuhi alikuja mwenyekiti wa mtaa ulio ng'ambo ya bonde, akaeleza kwa upole kwamba usiku kucha kule kwake maneno ya wimbo yalisikika wazi kana kwamba jukwaa liko uani. Mwandaaji alibisha, kwa kuwa mchana hata sisi tukisimama huko hatukusikia kitu. Mwenyekiti alikuwa sahihi. Usiku wa kipupwe usio na mawingu ardhi ya Dodoma hupoa haraka, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu yake, na sauti ambayo mchana ingepanda ikapotea angani hupindishwa ikashuka tena mbali. Usiku wa Jumapili tuliinamisha spika kuu kuelekea chini, tukapunguza besi baada ya saa 4, na tukategemea zaidi zile spika za katikati. Kupunguza kulinufaisha na masikio yetu. Kwa desibeli 85 sikio linaweza kuvumilia kwa muda wa saa 8, lakini kwa 100 robo saa tu inatosha kwa siku, na kijana wangu mmoja alikaa mbele ya spika siku mbili bila vizibo.

Malipo: nusu ya pili ilikuja baada ya miezi miwili na ikiwa pungufu. Dai nusu kabla ya kupakia gari, na iliyobaki kabla ya kufungua waya wa kwanza siku ya mwisho, kwa maandishi.

Jumatatu tulipokuwa tunakunja nyaya, mzee wa ilimba alikuja kuaga. Nilikuwa nimerekodi onyesho lake kwa ruhusa yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watumbuizaji kama wenye haki juu ya maonyesho yao, kwa hiyo nakala ya kwanza huwa nampa mwenyewe, kwenye kadi ya simu, kabla hajaondoka uwanjani. Nilimvisha hedifoni asikilize kwanza. Alisikiliza dakika zote saba akiwa amefumba macho, kidole gumba kikitembea juu ya goti. Akaivua, akasema buibui amepona. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kuna namna ya kuitoa ile sauti ya gari iliyokuwa ikiunguruma chini chini mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa jenereta, ile niliyoisogeza karibu usiku wa Ijumaa. Haikuwa na namna ya kutoka, kwa kuwa ilikuwa imekaa kwenye masafa yaleyale ya noti zake nene. Nilipopata kazi iliyofuata nilianza kwa kununua mita 60 za waya wa milimita za mraba 6, unaopoteza chini ya volti 4 kwa ampea 10, na sasa ndio unaopakiwa garini kwanza, kabla ya spika.