Ukongwe wa Uhindini peke yake hauilindi

Msomaji wa Mbeya ametuma nakala ya barua ambayo wakazi wa Uhindini, mtaa wa zamani mjini humo, waliandika wakiomba nyumba zao za zamani zitangazwe kuwa urithi. Imekaa miezi bila majibu. Kurasa tatu, "nyumba za kale" kila aya, na namba ya kiwanja hakuna hata moja.

Jamani, barua hiyo afisa ataishika wapi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda yenyewe, bila tangazo lolote, majengo ya kabla ya 1863. Mbeya ni mji wa miaka ya 1920, enzi za dhahabu ya Lupa. Kwa hiyo lazima Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale atangaze kwenye Gazeti la Serikali, na kinachotangazwa ni jengo au eneo lenye mipaka.

Anzeni na ramani ya mipangomiji kwa afisa ardhi wa Jiji: kitalu, kiwanja, basi. Kisha kila nyumba ipate karatasi yake. Picha nne za nje, moja ya kenchi, moja ya mlango wa mbele, futi ya fundi ikiwa imesimamishwa pembeni ili kipimo kionekane. Andika aina ya tofali, upana wa baraza, bati, na kilichobadilishwa. Madirisha ya alumini usiyafiche; mkaguzi atayaona kabla hajashuka garini, na hapo hata mengine hatayaamini.

Picha zipigwe Julai. Machi mrudi kutazama maji yanapopita. Mara nyingi ni pale ukuta wa chokaa ulipopigwa lipu ya saruji: unyevu unakosa pa kutokea, tofali la kuchoma linageuka unga, lipu inabanduka bamba zima. Fundi akija na mfuko wa saruji kuziba palipobanduka, mrudisheni.

Linalokwamisha zaidi ni saini ya mwenye nyumba. Sheria ya 1971 ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji aliyezaa na kulea humo bado si mwenye nyumba. Fanyeni upekuzi wa hati kwanza, saini baadaye. Mkikosea mpangilio huu mtaanza upya.

Ndipo mkutano mkuu wa mtaa. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, mahudhurio yaambatanishwe, upite Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi Baraza la Madiwani, Mkurugenzi aupeleke wizarani. Mkutanoni mzee mmoja atauliza, "Na mimi nikitaka kupandisha ghorofa?" Mjibuni ukweli: hati inabaki yake, ila kubomoa au kubadilisha kutahitaji ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale. Mkimficha, mtaamshwa na katapila Jumapili usiku.

Tangazo huchelewa. Wakati mnasubiri, waombeni madiwani jambo dogo zaidi: Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, na ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi. Sharti la kutogusa baraza za mbele na kutozidi kimo cha paa la jirani linaweza kuwekwa kwenye kibali chenyewe. Pelekeni na zile karatasi za nyumba, zipangwe kwa namba za viwanja.