Kuelea katika Bahari ya Chumvi

SWALI: Kwa nini mtu asiyejua kuogelea huelea katika Bahari ya Chumvi, ilhali ziwani angezama?

JIBU: Kila kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake, kanuni inayojulikana kwa jina la Archimedes. Lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina kilo 1, na mwili wa binadamu unakaribia sana kiwango hicho, kiasi kwamba pumzi iliyojaa mapafuni huuwezesha kuelea na kuitoa huuzamisha. Katika Bahari ya Chumvi, mpakani mwa Yordani na Israeli, lita moja ya maji hufikia takriban kilo 1.24 kwa wingi wa chumvi, hivyo msukumo wake huushinda uzito wa mwili na mtu huelea. Tafadhali usidanganyike, kwani anayepinduka kifudifudi huko hujigeuza kwa shida na anaweza kufa maji.