Vyuo Vikuu Vikubwa Ninavyovipanga Mimi, na Kwa Nini Princeton Iko Juu

Kwa anayekwenda kusoma shahada ya kwanza, naiweka Princeton ya Marekani ya kwanza. Cambridge ya Uingereza ya pili, Oxford ya nchi hiyohiyo ikiifuata kwa karibu sana, MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ya nne, na Harvard, ambayo watu wengi huitaja kabla ya zote, naipa nafasi ya tano. Najua mpangilio huu hauwapendezi wengi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana kuandaa maombi, nikisoma nao barua za kukubaliwa na kufuatilia maendeleo yao baada ya kufika huko, na maoni yangu yametokana na kazi hiyo.

Kabla hujanionyesha orodha ya QS au ya Shanghai, zinazopanga vyuo vikuu vya dunia kila mwaka, angalia kwanza orodha hizo zinapima nini. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) walizopata wahitimu na wanataaluma wa chuo, na asilimia 20 nyingine kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Namna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyofundishwa haimo. QS nayo kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 kwa sifa ya chuo machoni pa wanataaluma, yaani kura ya maoni. Sasa ni 30. Profesa mwenye Nobel anaweza kukipandisha chuo chake bila wewe kuingia darasani kwake hata siku moja.

Isitoshe, baadhi ya takwimu hupelekwa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, chuo cha New York, alichambua hadharani takwimu ambazo chuo chake kilikuwa kimeipelekea U.S. News, inayopanga vyuo vya Marekani. Mwaka huohuo Columbia ikashuka kutoka nafasi ya pili hadi ya 18. Wahadhiri walikuwa walewale na maktaba zilezile. Kijana aliyekuwa amekipenda chuo hicho kwa sababu ya nafasi hiyo ya pili alibaki na nini?

Mimi huuliza maswali mawili tu: nani atasoma kazi yako, na nani atalipa.

Kwa swali la kwanza, Princeton inanishawishi kwa sababu karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu chini ya mwalimu wake mwenyewe, na mwaka unaotangulia huwa ameshafanya kazi ndogo za utafiti za kumwandaa. Chuo hakina kitivo cha udaktari wa tiba, cha sheria wala cha biashara, kwa hiyo nguvu ya walimu haigawanyiki kama kwingine. Kwa swali la pili, mwaka 2001 Princeton iliondoa mikopo kwenye msaada wake wa kifedha na kuweka ruzuku isiyorudishwa. Tena, inapoamua nani aingie, haiangalii mwombaji ana fedha kiasi gani, hata akiwa raia wa nchi nyingine. Harvard, Yale na MIT hufanya hivyo pia. Stanford haifanyi hivyo kwa waombaji wa kigeni, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuiweka nyuma ya hizi.

Cambridge na Oxford ndizo ningezisifu bila kuchoka kama suala lingekuwa ufundishaji peke yake. Mwanafunzi mmoja, au wawili watatu, huketi na mwalimu, na kazi aliyoiandika wiki hiyo hujadiliwa mbele yake. Muhula una wiki nane tu, na kazi haingoji. Hakuna pa kujificha. Usiposoma, itajulikana siku hiyohiyo. Naitanguliza Cambridge kidogo kwa wanasayansi, kwa kuwa programu yake ya sayansi asilia hukuruhusu kuanza na masomo kadhaa kabla ya kubobea. Anayetaka falsafa, siasa na uchumi kwa pamoja aende Oxford. Huwezi kuomba shahada ya kwanza kwa zote mbili mwaka mmoja, na mwisho wa maombi ni katikati ya Oktoba, mapema kuliko vyuo vingi vya Uingereza. Tatizo ni fedha. Ada ya mgeni ni kubwa, na ufadhili wa Rhodes kwa Oxford na wa Gates Cambridge, ambao watu huutaja sana, ni wa waliokwisha kumaliza shahada ya kwanza. Nimewaona vijana wakishangilia barua ya kukubaliwa, kisha wakakwama hapo.

MIT ni ya kipekee, lakini asiyependa hesabu asijidanganye: hata wa uchumi au fasihi lazima apite kwenye kalkulasi, fizikia, kemia na biolojia. Nakipenda kitu kimoja pale, kwamba alama za muhula wa kwanza haziingii kwenye rekodi kama kawaida, hivyo mgeni anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1636, ina utajiri na maktaba zisizo na mfano, na jina lake hufungua milango. Hilo sikatai. Ila katika madarasa makubwa, anayesahihisha insha yako mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamivu, na profesa uliyemfuata unamsikia kutoka mbali.

Nje ya Marekani na Uingereza, watu wanaisahau ETH Zürich, chuo cha sayansi na teknolojia cha Uswisi. Hata baada ya ada ya wageni kuongezwa mara tatu mwaka 2025, bado ni ndogo mno ukilinganisha na hizo nyingine. Jiandae tu kwa Kijerumani katika shahada ya kwanza, na kwa mitihani ya mwaka wa kwanza inayowachuja wengi.

Kama unakwenda kusoma uzamivu, weka kando mpangilio wangu wote. Hapo unachagua msimamizi. Soma makala zake za karibuni, kisha waandikie wanafunzi wake wawili, mmoja aliyeko na mmoja aliyemaliza, uwaulize rasimu hurudi baada ya muda gani, fedha ziliendelea hadi mwaka wa ngapi, na waliomaliza wako wapi sasa. Wakisita kujibu hilo la rasimu, omba kwingine.