Bustani ilitangulia, gofu ikafuata

Umeuliza kipi kilianza katika Van Cortlandt Park, huko Bronx, sehemu ya jiji la New York: bustani au uwanja wa gofu. Bustani ilianza. Ardhi ilikuwa shamba la ukoo wa Van Cortlandt. Jumba lao la mawe la mwaka 1748 bado limesimama humo, na tangu 1897 ni makumbusho. Hata ziwa lililomo bustanini si la asili, lilitokana na kijito cha Tibbetts kuzibwa ili kuendesha kinu. Jiji la New York lilichukua eneo hilo mwaka 1888, zaidi ya ekari 1,100.

Gofu iliingia Julai 1895, na huo ndio uwanja wa kwanza wa umma nchini Marekani. Hilo ni jambo kubwa, maana mchezo wenyewe ulikuwa wa wanachama wa klabu za binafsi. Uwanja huo ulikuwa na mashimo 9 tu. La mwisho lilikuwa na urefu wa yadi zipatazo 700 (kama mita 640) kutoka pa kuanzia kupiga hadi kwenye tundu, na mpira ulipaswa kuvuka kuta mbili za mawe na vijito viwili. Kwa vijiti vya mbao na mipira ya enzi zile, shimo moja la namna hiyo lilitosha kumchosha mtu kabisa.

Mwaka 1899 Tom Bendelow, Mskoti aliyebuni viwanja vya gofu, aliupanua kufikia mashimo 18. Ukienda leo usitafute mpangilio ule wa zamani, kwa sababu barabara kuu zilizojengwa baadaye zimeikatakata bustani.