Chumba, Karakana na Mkopo: Maswali Yenu kuhusu Vijana Viziwi

Binti yangu ana miaka 20, ni kiziwi tangu utotoni. Amepata nafasi ya kusomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi Morogoro, na tumempatia chumba cha kupanga. Baba yake anataka mdogo wake ahamie naye, maana mlango ukibishwa nani atasikia, na asubuhi nani atamwamsha? Binti mwenyewe hataki.
*Mama, Temeke*

Mama, tunasimama upande wa binti. Huyo mdogo mtu mtamgeuza kengele, saa na mkalimani, na masomo yake mwenyewe yatakwenda wapi? Karibu kila sauti anayoikosa dada yake mle chumbani inaweza kugeuzwa mwanga au mtikisiko.

Tuanze na mlango. Madukani zipo kengele zisizo na waya: kitufe kinabandikwa nje, chini ya upenu mvua isikifikie, na kipokezi kinakaa ndani. Chagueni yenye taa inayomweka, si ile inayojivunia wingi wa nyimbo. Ijaribuni kabla ya kulipa: mmoja atoke nje na kubonyeza huku mlango wa duka umefungwa, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji na mlango wa chuma hupunguza mawimbi. Kipokezi cha betri ni bora kuliko cha kuchomeka kwenye soketi, kwani umeme ukikatika cha soketi kinakufa nao. Kipokezi kiwekwe mahali ambapo mwanga wake utagonga ukuta anaoutazama anaposhona au kupika. Betri ya kitufe hufa kimyakimya: mgeni anabonyeza na kuondoka akidhani amedharauliwa. Basi binti ajiwekee siku moja ya wiki ya kukijaribu. Na akitokea fundi wa kusema atavuta waya wa umeme wa nyumba, volti 230, mpaka kwenye kitufe cha nje, mwambieni hapana. Mvua na waya huo havipatani.

Kuamka. Wengi huweka simu chini ya mto ikitikisika. Godoro laini humeza mtikisiko, na simu inayochajiwa chini ya mto hupata joto na inaweza kuwasha moto. Kinachofaa zaidi ni saa au bangili ya mkononi inayotikisika, ambayo kengele yake inawekwa ndani ya saa yenyewe, isitegemee simu. Aichaji jioni akiwa macho, aivae usiku. Taa peke yake haitoshi kumwamsha mtu aliyelala fofofo.

Kwenye simu, afungue mipangilio ya ufikivu (Accessibility) na kuwasha flashi iwake ujumbe au simu inapoingia. Simu nyingi za sasa zina huduma hiyo na wenye nazo hawajui.

Kuna sauti ndogo za nyumbani ambazo wazazi husahau kabisa. Maji yamekatika, binti anafungua bomba, halitoi kitu, anaondoka bila kulifunga. Yakirudi saa nane usiku hatasikia yakimwagika. Ataamka magodoro yanaelea na bili inamsubiri. Azoee kulifunga kila mara, hata likiwa kavu. Mita ya umeme ya LUKU hulia yuniti zinapokaribia kwisha. Yeye atazame tarakimu kila jioni. Gesi inayovuja kwenye mtungi haitoi mlio anaoweza kuusikia, ila ina harufu: kila anapobadilisha mtungi apake povu la sabuni kwenye kiungo cha regileta. Mapovu yakivimba, afunge valvu na kufungua madirisha, na asiguse swichi yoyote ya umeme.

Zimamoto ni 114 na polisi 112, lakini namba hizo zinadhani mpigaji anaweza kuongea. Kwa hiyo siku ya kuhamia, nenda naye kwa mwenye nyumba, kwa balozi wa nyumba kumi na kwa majirani wawili. Namba zao ziingie kwenye simu yake pamoja na ujumbe ulioandikwa tayari: jina, nyumba, chumba, kisha “Naomba msaada, nipigieni zimamoto” na mwingine “nipigieni polisi”. Wao nao waelezwe kwamba usiku wa hatari kupiga kelele dirishani hakusaidii. Wabonyeze kengele tena na tena, na kwa kuwa taa yake huenda isimwamshe aliyelala, mwenye nyumba abaki na ufunguo wa akiba. Komeo la ndani lisilofunguka kwa nje lina hatari yake hapo. Mlipime hilo wote pamoja.

Mwisho, namba ya siri ya pesa za simu ni yake peke yake, hata wewe mama usiijue. Wanaoishi kwa kutegemea ujumbe wa maandishi nao huwindwa na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Akipata ujumbe wa namna hiyo, atazame salio kwenye menyu yenyewe, asiamini maandishi.

Nina karakana ya useremala Arusha, mafundi saba. Nimeombwa nimpokee kijana kiziwi ajifunze kazi. Sina ubaguzi ila naogopa mashine. Na nitamfundishaje mtu nisiyeweza kuongea naye?
*Fundi mkuu, Arusha*

Fundi, hofu ya mashine ina msingi, lakini imekaa mahali pasipo pake. Kiziwi anajua kwamba hasikii, kwa hiyo hutazama. Ajali huanzia kwa wenzake wanaomjia kutoka kisogoni.

Mpange hivi. Benchi lake lielekee mlango, mgongo uwe ukutani. Isipowezekana, tundika kioo mbele yake kimwonyeshe nyuma. Mwambie fundi wako wa umeme aunge taa ndogo kwenye swichi ya kila mashine, iwake mashine inapopata umeme. Taa ikizimika bado asubiri, kwani msumeno unaomalizia kuzunguka taratibu humdanganya hata anayesikia. Taa ya dharura moja, nyekundu, swichi yake karibu na mlango: ikiwaka, kila mtu anaacha kazi. Sheria ya karakana iwe moja kwa wote: hakuna kumgusa mtu ambaye mkono wake uko kwenye mashine inayozunguka. Zunguka uingie kwenye upeo wa macho yake, punga mkono, subiri atoe mbao.

Akiwa na mashine ya sikio, aivue kwenye randa na grenda. Kifaa kile hukuza kelele pamoja na maneno, na vumbi la mbao huziba tundu zake. Kisha avae vizuia kelele kama wengine, maana masalia ya usikivu aliyonayo yanaharibika kama ya mtu yeyote.

Utasema seremala mzuri husikia msumeno ukilemewa. Ni kweli, lakini mkono nao unasikia. Mfundishe dalili nyingine: mbao inayogoma kusogea, ukingo uliobadilika rangi kwa kuungua, maranda yanayotoka kama unga badala ya vipande virefu, mtikisiko wa meza beringi inapoanza kulegea. Aweke kiganja kwenye fremu ya mashine nzima, halafu kwenye ya mbovu, mashine ikiwa kwenye mzunguko mtupu na kiganja mbali na mkanda na meno. Baada ya wiki chache ataweza kukuonyesha beringi inayokufa kabla hujaigundua.

Kuhusu kufundisha, kosa linalorudiwa karibu kila karakana ni kuongea huku mikono inafanya kazi. Kijana ana macho mawili tu. Akitazama mdomo wako haoni patasi, akitazama patasi haoni mdomo. Eleza kwanza, nyamaza, onyesha, simama, mtazame, ndipo uendelee. Na usidhani anasoma midomo kama kitabu: tamka “baba” na “mama” mbele ya kioo bila sauti uone kama utazitofautisha.

Siku ya kwanza mwache yeye ndiye awafundishe mafundi wote saba alama 20 hivi: washa, zima, subiri, hatari, pima, kata, tena, sijaelewa, mteja, pesa, nenda kale. Vipimo viandikwe kwenye mbao yenyewe kwa penseli, kwa sentimita, na mchoro kando. Akitikisa kichwa kukubali, usiishie hapo. Mpe penseli akuchoree alichoelewa, maana viziwi wengi wamezoeshwa tangu shule kukubali ili mwalimu aende mbele.

Karakana yako ya watu saba haimo kwenye lazima ya kisheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ukimchukua umechukua fundi, kwa hiyo posho yake iwe sawa na ya mwanafunzi mwingine. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Mimi kiziwi, miaka 24. Tuko viziwi 6, tunataka kufungua saluni ya kunyoa. Tunaomba mkopo halmashauri. Kwenye mkutano wanaongea tu. Kisha wananipa karatasi wanasema soma. Nasoma, lakini maneno marefu sielewi. Naona aibu.
*Kijana, Dodoma*

Usione aibu. Lugha yako ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili umejifunza kwa macho. Neno moja la Kiswahili kama “hatutakurudishia” limebeba watu wawili, wakati na ukanusho. Alama hupanga hayo kwa njia nyingine kabisa. (Maofisa wanaosoma hapa: kumwandikia kiziwi kwenye karatasi si sawa na kumwelewesha. Sentensi fupi, tarehe, tarakimu, mchoro.)

Sasa fanya hivi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huu hauna riba. Andika barua ya kuomba mkalimani wa lugha ya alama, wiki mbili kabla ya mkutano, na ubaki na nakala yenye muhuri. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kukuelekeza kwa mkalimani. Usimtumie ndugu kwa mambo ya deni. Ndugu hufupisha, au huamua kwa niaba yako. Mkutano mrefu unahitaji wakalimani wawili wa kupokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu akichoka ataanza kuruka maneno.

Kabla ya kutia saini, uliza mambo matano na uandikiwe majibu kwa tarakimu: pesa ngapi, kwa miezi mingapi, kila mwezi tunarudisha ngapi, tarehe ya kwanza ni lini, tukichelewa nini kinatokea. Mfano: mkopo wa Sh 6,000,000 kwa miezi 24 ni Sh 250,000 kila mwezi. Kama kunyoa ni Sh 3,000, hivyo ni vichwa 84 kila mwezi kwa deni tu, kabla ya kodi ya fremu ya duka, umeme na chakula. Mwenzenu mmoja akiacha, watano mtalipa lake.

Saluni yenyewe inawafaa sana. Bandikeni picha za mitindo ukutani, kila moja na namba na bei. Mteja anaonyesha kwa kidole. Kioo tayari mnacho.

Mimi ni kiziwi, natumia Lugha ya Alama ya Kenya. Nimepata kazi Dar es Salaam. Nitaelewana nao?
*Msomaji, Mombasa*

Siku ya kwanza kwa kubahatisha, baada ya miezi michache vizuri. Lugha ya alama haifuati lugha inayosemwa. Marekani na Uingereza wote husema Kiingereza, lakini alama zao ni lugha mbili zisizoelewana. Lugha yako imetajwa katika Katiba ya Kenya ya 2010, na ibara ya 120 inaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Huku utakuta Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye msamiati wake. Anza na namba, pesa, siku za wiki na majina ya vituo vya daladala, ujifunze kwa viziwi wenyewe. Jina lako la alama, ile alama moja ambayo viziwi wenzako hukuitia, unaweza kuja nalo, ila kama tayari lina mwenyewe hapa, watakupa jingine.