Jibu: Maandishi yanachaguliwa halafu yanaachia

Jambo ndugu. Umesema ukibofya kisanduku cha bei kwenye Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha ya programu), maandishi yote yanachaguliwa kisha yanaachia palepale. Kwanza angalia umeita wapi select_range(0, 'end'), amri inayochagua maandishi yote. Ikiwa iko moja kwa moja ndani ya <FocusIn>, yaani tukio la kisanduku kuanza kupokea maandishi, mara nyingi ule mbofyo wenyewe unaweka kishale upya na kufuta uteuzi. Iahirishe kwa after_idle, inayoiendesha programu ikishamaliza kushughulikia mbofyo. Dukani kwetu Kadutu, Bukavu, hilo ndilo lilituokoa: muuzaji alikuwa anaandika 3500 mbele ya 2000 ya zamani, inatoka 35002000, na mteja amesimama anangoja! Ukitaka kishale kiende mwisho, tumia icursor('end'), ila haisogezi maandishi marefu; ongeza xview_moveto(1) ili mwisho wake uonekane.