Mwanaidi ni dume

SWALI: Mjomba, shikamoo. Juzi maji yalipokupwa, mwanangu wa darasa la sita alikwenda kucheza na wenzake upande wa Raskazone, hapa Tanga, akarudi na farasi wa bahari ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Urefu wake kama kidole changu cha kati, rangi ya udongo. Tumemtia kwenye sanduku la kioo nililokuwa naweka maandazi, na maji ya bahari na kipampu cha hewa. Leo siku ya tatu. Nimempa chakula cha samaki wa mapambo, mkate, hata dagaa wa kusaga, hagusi. Kaukamata mrija wa pampu kwa mkia wala hauachii. Tumbo limevimba, watoto wamempa jina Mwanaidi, wanasema ana mimba. Jirani naye anasema kuna watu wananunua waliokaushwa. Nimfugeje?
Mama Maandazi, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mbadilishe jina, maana Mwanaidi ni dume. Kwa farasi wa bahari jike hutaga mayai ndani ya kifuko cha dume, na dume ndiye anayelea mimba na kushikwa na uchungu. Mwangalie vizuri: kama uvimbe uko chini, pale tumbo linapokutana na mkia, na ngozi yake ni laini kama puto, basi ni kifuko kimejaa. Angekuwa anaelea juu bila kuweza kuzama, ningesema ni hewa imemwingia, na hiyo ni maradhi. Lakini unasema kakamata mrija katulia, kwa hiyo mpongeze baba mtarajiwa.

Sasa hilo la kula. Samaki huyu hana meno wala hana tumbo la kuhifadhi chakula. Anachofyonza kwa ule mdomo wake kama mrija kinapita moja kwa moja, ndiyo maana baharini hushinda kutwa anakula. Tena hali kitu kisichotikisika. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake yakitafuta kijidudu kinachoruka, na mkate wako kwake ni kama jiwe. Utoe sasa hivi, usisubiri kumaliza kusoma! Mkate na dagaa vikioza humo vinatoa amonia, na kwenye sanduku dogo amonia humuua kabla njaa haijamuua.

Anachotaka ni uduvi, tena hai. Si wa sokoni aliyeanikwa. Wanawake wa pwani wanajua kutanda: watu wawili, kanga kuukuu, maji ya magotini kando ya mikoko, mnakokota taratibu. Unachopata unakitia kwenye ndoo yenye maji ya bahari, na unampa kidogo kidogo, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni. Kesho tena. Keshokutwa tena. Ijumaa tena, na siku ya msiba tena.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeyapitia. Nilipokuwa fundi wa mafriji, nikikaa Ngamiani, barabara ya 12, mvuvi mmoja aliniletea wa manjano mwenye vishungi kichwani. Nilikuwa na tangi zuri, refu kwenda juu, maana hawa hupanda na kushuka kuliko kwenda mbele. Uduvi nilikuwa nauleta kila alfajiri kwa baiskeli. Alikaa siku 19. Kilichomwua si njaa, ni ujinga wangu. Ilikuwa Februari, joto la Tanga unalijua, maji yakawa yanapungua kila siku kama kidole kimoja, nami naongeza maji ya bahari. Maji yanapokauka chumvi haiondoki, inabaki ndani. Nilipaswa kuongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Siku ya 18 niliona anahema haraka. Nikaonja maji kwa ncha ya ulimi: yalikuwa makali kuliko bahari yenyewe. Tangu hapo kila tangi langu lina mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye kioo, kuonyesha maji yalipokuwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni kwamba usimfuge. Sanduku la maandazi halijakomaa. Bakteria wanaokula uchafu wa samaki huchukua wiki nne mpaka sita kuzoea tangi jipya, na wewe una siku tatu. Halafu akizaa, watatoka watoto mamia, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, na kila mmoja anataka kula leo. Hata waliosomea kazi hii hupoteza wengi.

Mrudishe kesho, maji yakianza kujaa, pale pale alipookotwa. Kwa usiku huu badilisha nusu ya maji, uyachote mbali na mdomo wa mto, na kama chumba kina joto tia ndani kichupa cha maji yaliyoganda, kikielea na kifuniko kimefungwa. Ukifika ufukweni, changanya maji ya bahari kwenye ndoo yake kikombe baada ya kikombe kwa nusu saa. Usimshike kwa mkono wala usimnyanyue hewani, maana hewa inaweza kumwingia. Zamisha ndoo nzima, uilaze, umsubiri. Atatoka mwenyewe akishaona nyasi za kushika, na hapo mwanao atamwona anavyotembea kwa pezi dogo la mgongoni linalopepea mpaka jicho halilioni.

Jirani mwambie aachane na hilo. Farasi wa bahari wote wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004, na kuwapeleka nje ya nchi bila kibali ni kujitafutia kesi. Sanduku lisuuze kwa maji baridi mara tatu kabla ya kurudisha maandazi.

SWALI: Mjomba, nina tangi la lita 200. Nikimpata silikanti mdogo, yule samaki wa kale, nitaweza kumlea? Naambiwa ni samaki wa Tanga peke yake.
Kijana wa Mwambani

JIBU: Si wa Tanga peke yake. Wa kwanza kujulikana na wataalamu alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na Komoro wamewavua miaka mingi. Sisi sifa yetu ni kwamba kuanzia 2004 majarife ya papa yaliwanasa wengi hapa, ndipo mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kumweka nyumbani ni kosa la jinai, hilo la kwanza. La pili, ni samaki wa maji ya kina, ya baridi na giza, na mkubwa hukaribia mita mbili. Mwaka 2007 ndugu yake wa Indonesia alinaswa akiwa hai, akatiwa kwenye bwawa lenye maji ya bahari. Aliishi saa 17. Kwenye tangi lako la lita 200 hata mkia wake hautageuka.